Kutoka Njumu hadi Filimbi: Mwongozo kwa Mchezaji wa Timu ya Chuo Anayetaka Kuwa Kocha

Kila mwaka, mitihani ya mwisho inapomalizika katika vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro, Kibabii, Jaramogi Oginga Odinga na Egerton, kundi la wachezaji waliovaa jezi ya chuo kwa miaka minne hurejea nyumbani wakiwa na shahada, magoti yaliyochoka na mapenzi ya kandanda ambayo hawajui wayapeleke wapi. Wachache husajiliwa na klabu za ligi. Walio wengi hucheza mechi za mtaani hadi mwili unapokataa, na hapo ndipo wanapokumbuka kwamba kuna kazi inayoitwa ukocha. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na hasa kwa wale ambao bado wako mwaka wa pili au wa tatu, kwa sababu ninaamini kwamba hiyo ndiyo miaka bora ya kuanza. Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya chuo huku magharibi mwa Kenya, na leo ninafundisha timu ya shule ya upili karibu na Kakamega pamoja na timu ya vijana ya kijijini kwetu.

Anza ukiwa bado unacheza

Nunua daftari gumu leo. Kila baada ya mazoezi ya chuo, kabla hujaoga, andika zoezi mlilofanya, idadi ya wachezaji waliolifanya, ukubwa wa eneo kwa hatua, muda uliotumika, na jambo moja ambalo kocha alilibadilisha katikati ya zoezi. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye thamani zaidi. Zoezi lenyewe unaweza kulipata popote, lakini sababu iliyomfanya kocha apunguze eneo kutoka hatua 20 hadi 12, au aongeze mchezaji mmoja upande wa wanaokaba, huipati mpaka uwe umesimama pale na umeiona ikitendeka. Ukishindwa kuelewa sababu, muulize baada ya mazoezi, kwa heshima na kwa faragha, kwa kuwa kocha akiulizwa mbele ya timu anaweza kudhani kwamba unampinga.

Pili, omba kazi ndogo. Mwombe kocha akuachie dakika 20 za kupasha misuli moto mara moja kwa wiki, au akukabidhi wachezaji wa mwaka wa kwanza siku ambayo kikosi kikuu kimesafiri. Kusimama mbele ya watu 20 wanaokufahamu kwa utani, na kuwafanya wakusikilize bila kuwapigia kelele, ni mtihani ambao ni afadhali uufanye mapema.

Tatu, jifunze kutazama mechi kwa namna nyingine. Ukienda Moi Stadium au uwanja wa Mamboleo mjini Kisumu, Bukhungu mjini Kakamega, Sudi mjini Bungoma au Afraha mjini Nakuru, usikae katikati ya jukwaa pamoja na marafiki zako. Keti nyuma ya goli au karibu na kona, kwa maana ukiwa hapo utaona umbali kati ya mabeki na viungo, jambo ambalo mtu wa katikati halioni vizuri. Kwa dakika 15 za kwanza usiufuate mpira hata kidogo. Mtazame beki wa upande ambao mpira haupo, uone kama anaingia ndani kuwafunika wenzake au amesimama akitazama kama shabiki. Kisha ugawe uwanja katika theluthi tatu kwenye karatasi, na kila mara timu inapopoteza mpira weka alama mahali ulipopotelea. Kufikia mapumziko karatasi hiyo itakuambia mambo ambayo mabao hayakuyasema.

Kama kuna kozi ya waamuzi katika tawi la kaunti, ifanye hata kama hutaki kuwa refa. Wachezaji wengi tumecheza miaka kumi bila kuisoma sheria ya kuotea mpaka mwisho, na kocha anayebishana na refa juu ya sheria asiyoijua huwafundisha vijana wake kutafuta kisingizio.

Leseni na vyeti

Ngazi za leseni katika bara letu huwekwa na Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, nazo zinaanzia D, kisha C, B, A, na juu kabisa ipo leseni ya Pro. Kozi za chini huandaliwa na Shirikisho la Kandanda la Kenya, FKF, na mchezaji anayetoka chuoni huanzia D hata kama alikuwa nahodha. Usilione hilo kama dharau. Kozi ya D inahusu zaidi namna ya kuwafundisha watoto na wachezaji wa ngazi ya chini, na hao ndio utakaokutana nao kwanza. Kati ya ngazi moja na nyingine unatakiwa uwe umefanya kazi ya ukocha kwa kweli, kwa hiyo tunza barua za shule au klabu ulizofundisha, zikiwa na tarehe na mhuri.

Kuna watu wanaojikusanyia vyeti vya semina za siku moja zisizotambuliwa na shirikisho, wakidhani kwamba wingi wake utawafaa. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kwamba kozi imetangazwa na FKF au tawi lake la kaunti, kwamba wakufunzi wanajulikana, na kwamba risiti imeandikwa kwa jina la shirikisho. Mimi nililipa mara moja kwa mtu aliyekodi ukumbi na projekta, na karatasi niliyoipata sijawahi kuipeleka popote.

Uzito wa leseni huonekana vizuri zaidi juu kabisa. Mwaka 2020 Gor Mahia, klabu iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ilijikuta na kocha wa kigeni ambaye hakuwa na leseni iliyohitajika na CAF, na benchi ikashikwa na Sammy Omollo, maarufu kama Pamzo, beki wa zamani wa klabu hiyo hiyo, dhidi ya APR ya Rwanda katika Ligi ya Mabingwa. Omollo alikuwa amepanda ngazi hizo baada ya kuacha kucheza, na nafasi ilipotokea karatasi zake zilikuwa tayari. Ninawasimulia wanafunzi wangu kisa hicho kila wanaponiambia kwamba kandanda haihitaji masomo.

Pamoja na leseni, tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kutoka Shirika la Msalaba Mwekundu au St. John Ambulance, na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, maana shule yoyote makini itakuomba. Isome pia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kocha hubaki na watoto wa watu jioni, husafiri nao na hulala nao katika mabweni ya mashindano, na wazazi wana haki ya kujua kwamba hutakaa peke yako na mtoto katika chumba kilichofungwa, hutampiga, na hutamtumia ujumbe wa siri usiku.

Timu yako ya kwanza

Usisubiri kuitwa na klabu ya ligi kuu. Nenda kwenye shule ya msingi iliyo karibu, au timu ya mtaa wa Nyalenda, Manyatta, Amalemba au popote unapoishi, uombe kusaidia. Sifa ya Kakamega High, ambayo watu wa huku wanaijua zaidi kwa jina la Green Commandos, haitenganishwi na mwalimu Chris Makokha aliyeinoa, na shule kama Musingu na St. Anthony's ya Kitale zimejijengea jina kwa njia hiyo hiyo, kwa walimu walioshinda uwanjani na vijana jioni baada ya jioni. Huko ndiko ukocha wa magharibi ulikozaliwa, na mlango huo bado uko wazi.

Tuseme umepewa vijana 28 wa umri wa miaka 15 hadi 17, mipira sita, nusu ya uwanja na dakika 90. Kosa la mwanzo, ambalo nililifanya kwa mwaka mzima, ni kuwapanga katika mstari mrefu ili kila mmoja apige shuti kwa zamu. Vijana 28 katika mstari mmoja maana yake ni kijana mmoja anacheza na 27 wanapiga soga. Chagua mada moja tu kwa siku hiyo, kwa mfano kuutoa mpira nyuma bila kuubutua, kisha kila zoezi liitumikie mada hiyo.

Dakika 20 za mwanzo tumia programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili moto. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu: kukimbia polepole, nguvu na usawa wa mwili, kisha kukimbia kwa kasi. Imetengenezwa kwa wachezaji wa kuanzia miaka 14, haihitaji vifaa zaidi ya mpira na alama za chini, na ikifanywa kwa uaminifu angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha ya magoti na vifundo. Vijana wataiona inachosha. Wewe shikilia, kwa sababu goti likishaharibika kijijini, mara nyingi hakuna pesa za kulitengeneza.

Dakika 15 zinazofuata, wagawe katika makundi manne ya watu saba, watano wakizunguka eneo la hatua kumi kwa kumi na wawili wakiwa ndani wakikaba. Mipira minne inatosha. Usihesabu pasi tu; angalia kama anayepokea amegeuza mwili wake ili aone pande mbili kabla mpira haujamfikia. Nakuomba usilichoke jambo hilo. Kijana anayepokea mpira akiwa ameelekea alikotoka hana la kufanya ila kuurudisha au kuubutua, na utamlaumu kwa kubutua wakati kosa lilitokea sekunde mbili nyuma, miguu yake ilipokuwa imepangwa vibaya.

Kisha, kwa dakika 20, igawe nusu ya uwanja mara mbili kwa urefu ili pawe na viwanja viwili vya wachezaji 14. Katika kila kimoja, timu ya kwanza ina mlinda lango, mabeki wanne na viungo wawili. Timu ya pili ina watano wanaokaba, na wawili wanasubiri nje kuingia kila baada ya dakika tatu. Kwenye mstari wa katikati weka vijilango viwili vyenye upana wa hatua tatu, ambavyo unaweza kuvitengeneza kwa chupa za plastiki zilizojazwa mchanga. Mlinda lango huanzisha, timu yake hupata alama ikipitisha mpira katika kijilango kwa pasi, na wanaokaba hupata bao wakiunyakua na kufunga. Ukiona mabeki wanashindwa kabisa, mtoe mkabaji mmoja. Ukiona wanapita bila taabu, mwongeze mmoja wa wale wanaosubiri. Kubadilisha namba hizo kwa wakati unaofaa ndiko kufundisha kwenyewe, na ndiyo sababu nilikuambia uandike mabadiliko ya kocha wako katika daftari.

Dakika 25 waache wacheze saba kwa saba kwa uhuru, huku wewe ukinyamaza na kutazama kama yale mliyofanya yanajitokeza yenyewe. Dakika kumi za mwisho ni za kutembea, kunyoosha misuli, kunywa maji, na swali moja au mawili kwao kabla ya kuondoka. Waulize waliona nini. Wakati mwingine kijana mkimya kabisa katika kundi atakueleza tatizo ambalo hukuliona.

Kwa watoto wa kati ya miaka minane na kumi na miwili mambo ni tofauti: tumia mpira wa ukubwa wa 4, uwanja mdogo, wanne kwa wanne, na uache karibu kila kitu kiwe mchezo.

Jua, mvua na radi

Mjini Kisumu jua la saa tisa linaweza kumwangusha mtoto, kwa hiyo anza saa kumi na nusu na uweke mapumziko ya maji kila baada ya dakika 20. Kakamega, Vihiga na Kisii zina hatari nyingine ambayo makocha wageni hawaijui. Mvua za alasiri huja na radi, na radi imewahi kuwaua watu uwanjani. Ukisikia ngurumo, simamisha kila kitu, waingize wote katika jengo lenye paa na kuta au ndani ya basi, kamwe si chini ya mti, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watu watakucheka. Mimi nilisimamisha mechi ya kirafiki tukiongoza 2–0, wageni wakasema tunaogopa kusawazishiwa, nami ningefanya hivyo tena kesho.

Vilevile, mchezaji aliyegongwa kichwani na kuonekana kuduwaa, kutapika au kusahau matokeo hatoki ili kurudi baadaye. Ametoka kwa siku hiyo, na anapelekwa kwa daktari.

Kuliacha jicho la mchezaji

Hapa ndipo wengi tunapokwama, na ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole. Mchezaji huona mechi kutoka mahali alipozoea kusimama. Kwa miaka miwili ya mwanzo nilifundisha timu nzima kana kwamba kila mtu alikuwa beki wa kushoto: niliona kila krosi iliyopotea, lakini sikuona kwamba mshambuliaji wetu alikuwa peke yake, hatua 30 kutoka kwa kiungo wa karibu. Zaidi ya hayo nilikuwa nikikimbia kando ya mstari nikimwambia kila mchezaji ampe nani mpira. Vijana wakazoea kusubiri sauti yangu. Siku moja tulicheza ugenini mbele ya mashabiki wengi, sauti yangu ikamezwa, na timu ikaonekana kama kundi la watu waliokutana asubuhi hiyo.

Mwalimu mmoja mzee aliyekuwa meneja wetu aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, wewe bado unacheza. Keti." Kuanzia mechi iliyofuata nilijilazimisha kukaa kwenye benchi kwa dakika kumi za mwanzo bila kusema neno, nikiandika. Nilishangaa jinsi nilivyoanza kuona. Fanya hivyo wewe pia, na umtafute mtu aliyecheza nafasi tofauti na yako awe msaidizi wako: kama ulikuwa mshambuliaji, tafuta mlinda lango wa zamani.

Wakati wa mapumziko una dakika 15 zisizozidi. Tatu au nne za kwanza waache wanywe maji na kupumua, kwa sababu mtu anayehema hasikii. Kisha sema mambo mawili tu, moja tukiwa na mpira na jingine tukiwa hatuna, na uyaonyeshe kwa vifuniko vya chupa kwenye nyasi. La tatu, hata kama ni zuri namna gani, litafukuza yale mawili.

Riziki na kumbukumbu

Ni haki niseme wazi kwamba timu za kijiji na za ligi za chini mara nyingi hazilipi mshahara, na kocha hupewa nauli na soda. Uwe na kazi nyingine. Ualimu unaendana vizuri na ukocha, kwa kuwa mashindano ya shule za upili yana ratiba ya mihula na shule huhitaji mwalimu atakayeisimamia timu. Usiidharau pia kandanda ya wanawake, ambako nafasi ni nyingi na makocha wenye bidii ni wachache. Vihiga Queens, timu kutoka mojawapo ya kaunti zetu ndogo, ilishinda mchujo wa ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, mwaka 2021 na kwenda Cairo kushiriki Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF ilipofanyika kwa mara ya kwanza. Wachezaji wa kike wa vyuoni wanaosoma mwongozo huu wajue kwamba filimbi hii ni yao pia.

Isajili timu yako rasmi katika tawi la shirikisho na utunze kumbukumbu za kila kijana: tarehe ya kuzaliwa kulingana na cheti, msimu aliojiunga, msimu alioondoka. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka aliolelewa kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada hiyo, na kila mwaka kati ya 16 na 23 asilimia 0.5. Klabu isiyosajiliwa au isiyokuwa na karatasi hupoteza haki hiyo, na kwa timu ya kijiji fedha hizo zingenunua mipira ya miaka mingi.

Kupanda ngazi

Baada ya misimu miwili au mitatu, omba usaidizi katika timu iliyo juu yako, ya Divisheni ya Pili au ya Kwanza, hata kama utaanza kwa kubeba mipira. Usiende mikono mitupu. Beba faili lenye mpango wa msimu mzima, karatasi kumi za mazoezi uliyoyaendesha, na video fupi za simu zinazoonyesha tatizo la timu yako na namna lilivyorekebishwa baada ya wiki kadhaa. Wenye timu wamezoea kuletewa majina ya klabu ambazo mtu alizichezea. Mtu anayewaonyesha kazi ndiye wanayemkumbuka. Usikatishwe tamaa na kwamba hukucheza ligi kuu. José Mourinho alisomea michezo chuoni mjini Lisbon na kufundisha shuleni kabla ya kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004, na Julian Nagelsmann, aliyeacha kucheza akiwa kijana kwa sababu ya majeraha, alikabidhiwa Hoffenheim mwaka 2016 akiwa na miaka 28.

Siku utakapoondoka kwenda timu nyingine, usiondoke na daftari peke yako. Toa nakala ya kumbukumbu za wachezaji, umwandikie kocha anayekufuata ni nani ana goti bovu, ni nani anatembea kilomita nyingi kuja mazoezini na hivyo aruhusiwe kuondoka kabla ya giza, na ni nani karo yake haijalipwa. Kisha hesabu mipira mbele ya mwalimu mkuu au mwenyekiti wa timu, na wote wawili mtie sahihi.